"Two o'clock" siyo saa mbili

Juma hili tuzungumzie neno moja dogo la Kiingereza: "o'clock". Asili yake ni maneno "of the clock", yaani kwa kufuata saa ya ukutani. Siku hizi limeingia hata katika mazungumzo yetu ya Kiswahili. Mtu husema, "Tukutane two o'clock." Mwenzake huitikia, "Haya, saa mbili." Hapo ahadi imekwisha vunjika, kwani "two o'clock" ni saa nane.

Waingereza huanza kuhesabu saa sita usiku na saa sita mchana. Sisi huanza jua linapochomoza na linapotua. Karibu na Ikweta jua halibadili sana nyakati zake, kwa hiyo hesabu yetu hutufaa mwaka mzima. Kule London, mwezi wa Juni jua huchomoza kabla ya saa kumi na moja alfajiri, na Desemba huchomoza mnamo saa mbili asubuhi. Hesabu yetu isingewafaa.

Basi hakuna aliyekosea. Ubaya ni kuchanganya. Mathalan, kadi ya kliniki imeandikwa "8.00". Mama anasoma nane, anamaliza kazi za asubuhi, anambeba mtoto na kufika saa nane mchana. Anaambiwa daktari amekwisha ondoka. Au tiketi ya basi imeandikwa "6.00". Je, ni alfajiri saa kumi na mbili, au mchana saa sita? Nauli imelipwa, na basi halimngoji mtu.

Kanuni ni nyepesi: ongeza sita au punguza sita. Asiyependa hesabu na atazame saa yake. Mshale mfupi ukielekea 7, namba inayoikabili ni 1. Kiingereza ni "seven o'clock". Kiswahili ni saa moja.

Ukisema Kiingereza, kiseme chote: "two o'clock in the afternoon". Ukisema Kiswahili, nacho ukiseme chote: saa nane mchana. Sisi watangazaji tunapotafsiri habari hutafsiri na saa pia. Nanyi makarani, waandikieni wagonjwa na abiria kwa maneno: saa mbili asubuhi. Wino hautaisha kwa neno moja, lakini mama yule hatarudi nyumbani na mtoto asiyetibiwa.

Hadi juma lijalo, kwaherini.