Ulinzi wa Mali Yetu: Wananchi na Polisi



Chama chetu kikuu kinapotimiza miaka kumi, yatupasa kusema machache juu ya ulinzi. Katika Singida yetu, mkulima akiibiwa jozi ya maksai apoteza plau yake, na shamba lake la alizeti hubaki pori mwaka mzima.

Wazee wetu wakumbuka miaka ya 1980 mwanzoni. Wizi wa ng'ombe ulipozidi, wananchi wa Kahama, mkoani Shinyanga, na jirani zao wa Tabora waliunda Sungusungu, na desturi hiyo ikafika kwetu. Yowe likipigwa, kijiji kilipokea kutoka kijiji, na nyayo zikafuatwa. Lakini tusifiche upande wa pili: wako waliopigwa, hata kuuawa, kwa kutuhumiwa tu, na walinzi nao wakashtakiwa mahakamani. Mwaka 1989 Sheria ya Mgambo ilirekebishwa, Sungusungu wakapewa uwezo wa kukamata kwa mujibu wa sheria. Tangu mwaka 2006 Jeshi la Polisi nalo limehimiza Polisi Jamii, yaani ulinzi wa kushirikiana.

Sheria haikuwapa walinzi ruhusa ya kuhukumu. Tena, mwizi aliyeuawa njiani hawezi kumtaja mnunuzi aliyemtuma, wala machinjio yaliyomngojea. Hasira yetu humfichia siri mwizi mkubwa.

Kwa hiyo twaomba mambo matatu. Kwanza, kila mfugo uwe na alama, nayo iandikwe katika daftari la kijiji, maana ng'ombe asiye na alama hana shahidi. Pili, ghala la kila chama cha msingi liwe na zamu ya walinzi, na fedha za mazao zisilale ofisini. Tatu, mtuhumiwa afikishwe kituoni akiwa mzima, na walioona waende mahakamani siku ya kesi. Shahidi asipofika, mwizi hurudi kijijini akicheka.

Nao polisi twawaomba kwa heshima wawarudishie wananchi jibu: kesi imefika wapi, na kwa nini mtu ameachiwa. Mwananchi asiyepewa jibu hushika fimbo.

Wananchi ndio macho, polisi ndio mkono wa sheria. Macho bila mkono hayakamati, na mkono bila macho hupapasa gizani.