Madini ndani ya kikombe

Habari za chai kutoka Kericho na Bomet huishia kwenye bonasi. Sawa, mkulima ana haki yake. Lakini mkemia wa metali naye ana la kusema. Majani mabichi yakisagwa kiwandani, kimeng'enya chenye shaba ndicho kinachoyageuza kutoka kijani hadi hudhurungi. Elimu hiyohiyo ya metali ilizaa sisplatini, dawa ya saratani yenye platini, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 1978. Kabianga kuna chuo kikuu katikati ya nchi ya chai; watafiti wake wapewe vifaa vya kuchunguza metali hizi. Tukirudi kikombeni, tanini za chai hushika madini ya chuma na kupunguza kiasi kinachoingia mwilini. Mama mjamzito, meza vidonge vyako vya madini ya chuma kwa maji. Chai isubiri saa moja au mbili.