Mvua Haikumbuki Kunyamaza: Kurekodi Sauti ya Kompyuta Yenyewe Katika Somo

Haya ni maneno ya mkufunzi wa kompyuta aliyezungumza na wakufunzi wa vyuo vya ufundi na makarani wa wadi huko Mosocho.

Nimepewa nusu saa, na kwa kuwa naona mawingu yameanza kukusanyika upande wa Manga, nitakwenda mbio kidogo. Mtaelewa baadaye kwa nini nayataja mawingu.

Nianze na kosa langu mwenyewe. Katika chuo kimoja nilichofundisha, tulimwalika binti wa hapa kwetu ambaye ni muuguzi huko Minnesota, Marekani. Mnajua jinsi watu wetu walivyo wengi kule. Alikubali kuwafundisha wanagenzi wetu jinsi ya kumhudumia mzee wa kisukari nyumbani. Kwetu ilikuwa saa nane mchana, kwake saa kumi na mbili alfajiri, kabla hajaenda kazini. Alizungumza kupitia Zoom kwa dakika hamsini, na kipakatalishi changu kilikuwa kinarekodi skrini kwa programu ya OBS. Ukumbi mzima ulimsikia vizuri. Alipofika kwenye vidonda vya miguu, mvua ikaanza kupiga mabati.

Wiki iliyofuata akaja mwanagenzi mmoja aliyekuwa amelaza mtoto hospitalini siku ile. Nyumbani kwao bibi yake ana kisukari. Alikuja na flashi yake, nikamnakilia faili. Siku mbili baadaye akarudi akaniambia kwa upole, "Mwalimu, picha ninaiona, lakini ninasikia mvua tu." Nikafungua mwenyewe. Kweli, dakika kama thelathini za mabati, na midomo ya muuguzi ikicheza kimya kimya.

Sasa, sauti ya muuguzi ilipotea wapi? Ndani ya kompyuta mna njia mbili za sauti ambazo hazikutani zenyewe. Njia ya kwanza inaingia: maikrofoni inachukua kilicho hewani na kukipeleka ndani. Njia ya pili inatoka: Zoom, video au wimbo unatoka kwenye programu, unapita kwenye kadi ya sauti na kwenda kwenye spika. Programu ya kurekodi isipoelekezwa vinginevyo, huenda ikasikiliza ile ya kwanza peke yake. Kwa hiyo sauti ya muuguzi ilisafiri kutoka Minnesota ikiwa safi, ikafika ndani ya mashine yangu ikiwa safi, nami nikaitoa nje kwa spika, nikaipitisha kwenye mvua, kisha nikaiokota tena kwa maikrofoni. Ni sawa na kuteka maji kisimani, ukayamwaga barabarani, halafu ukayachota kwa kikombe.

Dawa yake ni kuichukua sauti humo humo ndani kabla haijatoka. Katika OBS, ambayo ni ya bure, fungua mipangilio ya sauti uone mstari ulioandikwa "Desktop Audio". Kwenye mashine yangu mstari huo ulikuwa umezimwa. Nani aliuzima? Sijui, na mashine ilikuwa yangu. Kwenye Windows unachagua tu kifaa na kazi imekwisha. Panopto, ambayo baadhi ya vyuo vikuu hutumia kurekodi mihadhara, ina kisanduku cha kutia alama ili ichukue sauti ya kompyuta. Wenye Mac za zamani wana kazi zaidi: kabla ya macOS 13 ya mwaka 2022, ilibidi usakinishe kwanza kiendeshi cha ziada kama BlackHole. Wanaorekodi ndani ya Zoom yenyewe, sauti za wageni huingia bila shida, lakini ukiwaonyesha video iliyo kwenye mashine yako, tia alama penye "Share sound", la sivyo wataona picha bubu.

Hapa kwenye projekta nawaomba mnisikilize vizuri, kwa sababu ndipo wengi hunaswa. Unajaribu sauti asubuhi ofisini, iko sawa. Unaingia ukumbini, unachomeka kebo ya HDMI, na mara nyingi Windows inahamisha sauti kutoka spika za kipakatalishi hadi kwenye projekta bila kukuuliza. Kama programu yako ilifungwa kwenye spika zile za mwanzo, itarekodi ukimya kwa uaminifu mkubwa. Kwa hiyo mipangilio iachwe ifuate kifaa cha kawaida cha mashine, na jaribio lifanywe baada ya projekta kuunganishwa. Cheza video yoyote, nyamaza, tazama kama ule mstari wa kijani unaruka. Kisha rekodi dakika moja na uisikilize kwa vipokea sauti vya masikioni. Mstari unaoruka haukuambii kama sauti inakwaruza.

Mtu ataniuliza, tukiwasha zote mbili si tutasikia mwangwi? Ndiyo, kwa sababu maikrofoni itaokota spika tena, ikichelewa kidogo. Zima maikrofoni wakati mgeni anazungumza, uiwashe zamu ya maswali. Au rekodi kila sauti kwenye mkondo wake. OBS inakubali hadi sita, na ule wenye mvua utaupunguza baadaye.

Umeme nao mnaujua. Hifadhi kwa mfumo wa MKV: stima ikipotea katikati, ulichokwisha kurekodi kinabaki. MP4 ya kawaida ikikatwa hivyo, huenda isifunguke kabisa. Na kwa ajili ya wale wa bando ndogo, toeni pia faili ya sauti peke yake. Saa moja ya mazungumzo kwa kilobiti 64 kwa sekunde ni kama megabaiti 29 tu. Mwanagenzi anaweza kuipokea kwa simu na kuisikiliza akichuma majani chai.

Makarani, hili linawahusu nyinyi pia mnaporekodi vikao vya wananchi ambako wengine wanazungumza kwa mtandao. Sauti ya mtu ni taarifa yake binafsi chini ya Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019. Mwambieni kabla ya kubonyeza kwamba anarekodiwa, na rekodi itakwenda wapi. Mimi siku ile nilimwomba muuguzi ruhusa, akanipa. Kilichonishinda ni kumwandikia tena kumweleza kwamba maneno yake yameliwa na mvua. Niliandika hata hivyo. Alirudia somo lote siku ya mapumziko yake, na safari hiyo yule mwanagenzi alikaa kiti cha mbele.

Haya, matone yameanza, mnayasikia. Wenye vipakatalishi fungueni. Yule aliye karibu na projekta, chomeka kebo kwanza ndipo tujaribu.