Kitabu Kimoja, Kazi Nyingi: Jinsi Askari wa Mwili Wanavyopewa Zamu

(Haya ni maneno tuliyozungumza mbele ya vikundi vya kujisaidia katika siku ya mafunzo ya afya. Tumeyaandika karibu vile yalivyosemwa.)

Leo hatutazungumza juu ya kuku wala mikopo. Tutazungumza juu ya kinga ya mwili, na jinsi askari wa mwili wanavyoambiwa nani afanye kazi gani, nani aishi na nani afe. Mtasema haya ni ya watu wa maabara. Ngojeni kidogo, maana yanaingia mpaka jikoni, na mpaka kwenye yale maneno ambayo mama mkwe humwambia mke wa mwanawe mtoto akizidi kuugua.

Tuanze na mizinga, kwa kuwa vikundi kadhaa hapa vinafuga nyuki. Mnajua kwamba malkia na kibarua hutoka katika yai la aina moja. Mabuu yote hulishwa maziwa ya nyuki kwa siku kama tatu za kwanza. Baadaye yule atakayekuwa malkia huendelea kulishwa hayo hayo, na wengine huchanganyiwa asali na chavua. Mmoja anakua mkubwa, anataga mayai kwa miaka. Mwingine anachakaa kwa kazi na kufa upesi. Asili yao ni moja. Mwaka 2008 watafiti wa Australia walipunguza ndani ya mabuu kimeng'enya kimoja ambacho kazi yake ni kubandika alama ndogo juu ya vinasaba, yaani DNA. Wengi wa mabuu hao wakakua na umbo na ovari za malkia. Kwa hiyo ile alama ndogo ilikuwa na neno katika jambo hili.

Alama hiyo huitwa methili. Ni kitu kidogo mno, kaboni moja na haidrojeni tatu. Tuseme DNA ni kama katiba ya kikundi. Kila mwanachama ana nakala nzima, lakini mweka hazina anafuata ukurasa wake na katibu anafuata wake. Mwili nao hivyo hivyo. Seli ya ini, ya ngozi na ya damu zina kitabu kimoja chenye herufi nne, A, C, G na T. Tofauti ni kurasa zipi zimefunguliwa na zipi zimebanwa. Methili hubandikwa juu ya herufi C, hasa pale C inapofuatwa na G, na mara nyingi alama zikijaa mwanzoni mwa ukurasa, ukurasa ule hausomwi tena. Maandishi yenyewe hayakufutwa, yamefungwa tu. Kazi ya kubandika namna hii wataalamu huiita methilesheni.

Sasa, seli inapogawanyika kuwa mbili, zile alama zinakwenda wapi? Yuko karani. Kimeng'enya kiitwacho DNMT1 hufuata nyuma na kunakili kila alama kwenye kitabu kipya. Wako na wenzake, DNMT3A na DNMT3B, ambao hubandika alama mpya. Na wako wengine, jamii ya TET, ambao husaidia kuzibandua. Karani, waandishi na wafutaji. Kikundi chochote chenye vitabu safi kinawahitaji wote.

Twende kwa askari wenyewe. Seli nyeupe za damu huzaliwa ndani ya uboho wa mifupa. Baadhi yao husafiri hadi tezi ya thaimasi, iliyo kifuani juu ya moyo. Thaimasi ni shule ngumu kweli. Seli isiyoweza kutambua chochote hufa humo, na ile inayotaka kuushambulia mwili wake mwenyewe huuawa vilevile. Zinazohitimu ni chache sana, kama tano kwa mia au pungufu. Wanaofuzu hugawanywa makundi mawili makubwa. Moja ni CD4, na hapa tunajua wengi wenu mmeshasikia neno hilo kliniki, kwa sababu ndizo zilizokuwa zikihesabiwa kwa watu wenye virusi vya Ukimwi. Hizo ni seli za kuita wengine na kupanga vita. Kundi la pili ni CD8, wauaji wa seli zilizoingiwa na virusi.

Swali letu ni hili: seli ya CD8 inajuaje kila siku, hata baada ya kugawanyika mara nyingi, kwamba yeye si CD4? Jibu ni kwamba ukurasa wa CD4 ulibanwa wakati wa shule, na methili ndiyo inayosaidia ubaki umebanwa. Wajukuu wa seli ile watazaliwa na ukurasa ule umefungwa tayari. Hawahitaji kufundishwa upya.

Mwaka 2001 watafiti huko Marekani walichapisha kazi yao juu ya panya. Waliwaondolea karani, ile DNMT1, lakini ndani ya seli T peke yake. Alipoondolewa mapema, seli zikiwa bado changa shuleni, seli nyingi za kawaida zilishindwa kuishi. Alipoondolewa baadaye, seli zilihitimu, lakini zilipoitwa vitani zikaanza kugawanyika, zikawa zinakufa. Tena zile zilizobaki zilitoa kemikali za vita ambazo hazikupaswa kuzitoa. Fikirini juu ya kikundi ambacho katibu wake ameondoka na vitabu: siku za kawaida mnaweza kusukumana mbele, lakini ikija siku ya ukaguzi kila mtu anafanya lake. Ugonjwa ni siku ya ukaguzi.

Kwa binadamu pia jambo hili limeonekana, ingawa kwa watoto wachache sana duniani. Mwaka 1999 iligunduliwa kwamba ugonjwa mmoja wa kurithi, uitwao ICF, husababishwa mara nyingi na hitilafu katika DNMT3B. Watoto hao wana upungufu mkubwa wa kingamwili katika damu, na hushikwa na magonjwa ya kifua na ya tumbo tena na tena. Msiende nyumbani mkafikiri kila mtoto mwenye kikohozi ana ugonjwa huu. Tumeutaja kwa sababu unaonyesha wazi kwamba bila alama hizi kinga haisimami.

Haya, sasa jikoni. Methili inatoka wapi? Mwili huitoa katika chakula. Foleti iko katika mboga za majani: managu, kunde, terere, sukuma wiki, pia maharagwe, ndengu na ini. Vitamini B12 iko katika maziwa, mayai, samaki na nyama. Cholini iko kwa wingi katika mayai. Vyote hivi vinashirikiana kuandaa methili.

Hapo tusafiri mpaka Gambia, Afrika Magharibi, katika kijiji cha Keneba na vijiji jirani. Daktari Ian McGregor alianza kuweka kumbukumbu za wanakijiji huko mwaka 1949, nani kazaliwa lini na nani kafa lini, na kazi hiyo ikaendelezwa na wengine. Tunawaomba makatibu wa vikundi mtie hilo masikioni, kwamba daftari la kijiji linaweza kuja kusomwa na dunia nzima. Mwaka 1997 watafiti walitoa matokeo. Waliozaliwa katika miezi ya njaa, Julai hadi Desemba, hawakuwa tofauti sana na wenzao walipokuwa wadogo. Lakini walipofikia ujana, uwezekano wao wa kufa mapema ulipanda hadi mara kumi ya wenzao, na vifo vingi vilihusiana na maambukizo. Yaani kinga ilibeba kitu kutoka mwanzoni kabisa mwa maisha.

Mwaka 2014 wengine waliangalia alama za methili za watoto wa huko huko. Waliona kwamba mtoto aliyetungwa mimba majira ya mvua ana alama nyingi zaidi katika sehemu fulani za DNA kuliko aliyetungwa kiangazi, na kwamba lishe iliyoonekana katika damu ya mama ilihusika. Ajabu ni kwamba majira ya mvua ndiyo ya ghala tupu, lakini ndiyo pia ya mboga za majani. Mwaka uliofuata sehemu moja iliyotajwa ilikuwa VTRNA2-1, ambayo ina uhusiano na kinga na uzuiaji wa saratani.

Tuwe waangalifu, jamani. Hayo ni mambo mawili yaliyowekwa kando kwa kando. Hakuna aliyethibitisha kwamba alama hizo ndizo zilizowaua vijana wale. Tena watafiti walipotafuta habari ile ya majira na vifo huko Bangladesh, hawakuiona. Kwa hiyo mtu akikwambia mtoto wako anaugua kwa sababu hukula mboga, huyo anasema zaidi ya sayansi. Na hapa tunawageukia akina baba na mama wakwe. Mwenye kupika ndiye mara nyingi hula mwisho, akakuta sufuria imebaki ukoko. Ikiwa kuna lawama ya lishe ya mama mjamzito, basi iwe ya meza nzima.

Lililothibitika lipo, na hilo tulishike. Mwaka 1991 utafiti ulioongozwa kutoka Uingereza ulionyesha kwamba asidi ya foliki, ikitumiwa kabla ya mimba na mwanzoni mwake, ilipunguza kwa 72 kwa mia hatari ya mama aliyewahi kupata mtoto mwenye kasoro ya mgongo au ubongo kupata mwingine kama huyo. Sehemu hiyo ya mtoto hujifunga karibu siku ya 28. Siku hiyo mama wengi hata hawajajua kama ni wajawazito! Ndiyo sababu kungoja mpaka tumbo lionekane ndipo uende kliniki ni kuchelewa. Kenya iliagiza mwaka 2012 unga wa mahindi na ngano wa viwandani utiwe virutubisho, foliki ikiwemo, lakini mahindi yako ukiyapeleka kwenye kinu cha kijijini hakuna anayeyatia kitu. Kwa hiyo bustani ya mboga karibu na jiko, hata ya magunia, ni kazi inayofaa pesa za mzunguko kuliko vikombe vipya vya mikutano. Tunajua vikombe vina wapenzi wao.

Jambo moja zaidi, kwa sababu liliulizwa. Wako watu wanaozunguka sokoni na vipaza sauti wakiuza unga wa "kurekebisha DNA" na kuongeza kinga. Dawa za kuondoa methili zipo kweli. Moja, azasitidini, iliidhinishwa Marekani mwaka 2004 kwa magonjwa fulani ya uboho. Hutolewa hospitalini kwa sindano, damu ikipimwa mara kwa mara, maana yenyewe huweza kupunguza seli za damu. Kitu cha namna hiyo hakiuzwi kwa kijiko kando ya mitumba. Mkimwona muuzaji huyo, mwulizeni unga wake unabandua ukurasa gani na unaacha upi.

Mama mmoja aliuliza kama tembe za kliniki zinaweza kunywewa kabla ya mimba. Ndiyo, asidi ya foliki mikrogramu 400 kwa siku ndiyo inayoshauriwa kwa mwanamke anayetarajia kushika mimba. Na aliyewahi kupata mtoto mwenye kasoro ya mgongo huhitaji kipimo kikubwa zaidi, hivyo amwambie mhudumu habari hiyo mapema.