Kipimo cha Kuni

Somo letu la asubuhi ya leo latoka Kumbukumbu la Torati, mlango wa 25, tangu mstari wa 13 hadi wa 16. Mwenye Biblia na aifungue. Aliye jikoni akikoroga uji na asikilize tu. Hapo Musa awakataza Waisraeli, mtu asiwe na mawe mawili ya kupimia mfukoni mwake, moja kubwa na moja dogo, wala vipimo viwili nyumbani mwake. Kikubwa ni cha kununulia, kidogo ni cha kuuzia. Somo hili twalijua tangu chuo cha theolojia, na tumelihubiri mara nyingi. Leo twataka kuwaeleza jinsi lilivyotuhubiria sisi wenyewe, tena si kanisani, bali penye rundo la kuni.

Ninyi mnaotusikiliza kutoka Kericho, Litein, Mogogosiek na Bomet hamna haja ya kuelezwa mkaratusi ni nini. Wengine mwauita bulugamu. Lakini tuna wasikilizaji wa mbali, na hao na wajue kwamba mti huu ni mgeni katika nchi yetu. Uliletwa kutoka Australia, ukaanza kupandwa hapa Kenya mwaka 1902 ili kuipatia kuni reli ya Uganda, maana magari ya moshi ya siku zile yalikula kuni kama nzige. Chai ilipoanza kupandwa na makampuni huku Kericho katika miaka ya 1920, mikaratusi ilifuata nyuma yake, na mpaka leo twaiona imesimama mistari mistari kando ya mashamba.

Kwa nini chai ihitaji kuni? Kwa sababu jani bichi limejaa maji. Zaidi ya kilo nne za majani mabichi hutoa kilo moja tu ya chai kavu, na maji hayo yote hapana budi yaondolewe kwa hewa ya moto. Kiwandani kuna tanuri kubwa la mvuke, na mafuta ya kuliwashia ni ghali, basi viwanda vingi vya wakulima wadogo huchoma kuni. Lori huingia mchana na usiku. Kwa hiyo mtu mwenye miti shambani anayo hazina ndogo. Na tangu Serikali iliposimamisha ukataji katika misitu ya umma, mwezi wa Februari mwaka 2018, tuliona wanunuzi wakizidi kuigeukia miti ya mashamba.

Kanisa letu lina kipande cha ardhi, ekari moja na nusu, mteremko mkali wenye mawe. Wazee wa kanisa walikata shauri kupanda mikaratusi pale, nasi tukawaunga mkono. Mvua ndefu zilipoanza tulichimba mashimo, mita mbili na nusu toka shimo hadi shimo, tukatia miche zaidi ya 900. Akina mama walipalilia miaka miwili ya kwanza. Baada ya hapo mti wenyewe huwatawala magugu. Ulipofika mwaka wa nane tulikata sehemu ya kwanza, tukikusudia fedha zile ziezeke nyumba ya ibada kwa mabati mapya, kwa sababu yale ya zamani yalikuwa yakituvujia hata wakati wa Meza ya Bwana.

Sasa sikilizeni jinsi kuni zinavyouzwa. Magogo hukatwa urefu wa mita moja, yakapasuliwa kwa shoka na kabari, yakaachwa miezi kadhaa yakauke, maana gogo bichi karibu nusu ya uzito wake ni maji, na moto wa kiwanda hupotea kwa kuyachemsha. Kisha hupangwa: mita moja kwenda juu, mita moja kwa upana, mita moja kwa urefu. Hiyo ndiyo mita moja ya ujazo, na ndiyo inayolipiwa. Rundo lililopangwa kwa haki kabisa bado huwa na hewa ndani, kwa sababu magogo si matofali. Mnunuzi ajua hivyo. Lakini kuna hewa ya haki, na kuna hewa ya kutiwa. Ukichukua tawi lililopinda ukalilaza kati, au ukayakingamisha magogo mawili ndani ambapo jicho halifiki, utapata shimo ambalo mbwa aweza kuzalia. Kwa nje rundo lanyoka kama ukuta.

Tuliwaajiri vijana, tukawalipa kwa kila mita waliyopanga. Kosa la kwanza lilikuwa hilo, maana anayelipwa kwa mita atatafuta mita. Siku moja tulipita pale jioni, tukaona wanavyopanga. Tuliona vizuri. Tena tulisimama, tukatazama, tukaenda zetu nyumbani kunywa chai. Tulijiambia kwamba wauzaji wote hufanya hivyo, kwamba karani wa kiwanda atapima mwenyewe, na ya kuwa mabati ni ya Mungu. Shetani hatumii hoja mpya, ndugu zangu.

Kuni zikapakiwa, mita 30. Nasi tulipanda katika lori la mwisho. Huko kiwandani zikapangwa tena na vijana wale wale, kwa mtindo ule ule. Karani akaja na fito yake ya kupimia, akatutambua kwa kola yetu. Akacheka, akaiweka fito chini. “Za kanisa hatupimi, Mchungaji,” akasema. Akaandika 30.

Laiti angalitutukana! Usiku ule hatukulala. Na jambo lililotusumbua zaidi si kiwanda. Mtu husema moyoni, kiwanda ni mali ya wakubwa. Lakini kiwanda kile wenyewe ni nani? Ni wakulima wenye hisa, wale wanaochuma majani mawili na kitumba kabla jua halijapanda, na gharama ya kuni hutolewa kwanza ndipo bonasi yao ihesabiwe mwisho wa mwaka. Hao ndio wanaoketi mbele yetu kila Jumapili. Kwa hiyo tuliwauzia hewa washarika wetu wenyewe, kisha tukapitisha kikapu cha sadaka kuwaomba kilichobaki.

Jumamosi tukaiita halmashauri ya kanisa. Mzee mmoja ajuaye kuni kuliko sisi alikadiria kwamba mita tano hazikuwapo. Tukafungua Mambo ya Walawi, mlango wa 6, pasemapo kwamba aliyemdhulumu jirani yake atarudisha kile alichokitwaa, na kuongeza sehemu ya tano juu yake. Tano, na sehemu yake ya tano ni moja: mita sita. Mhazini alikunja uso. Mita sita zilikuwa mabati ya upande mzima wa madhabahu. Akasema, si kwa ubaya, kwamba mchungaji angeweza kutubu kimya kimya bila kulitoza kanisa. Alikuwa na haki kwa sehemu, kwa kuwa macho yaliyoona na kunyamaza yalikuwa yetu. Tukakubaliana kwamba mita tatu zitoke katika miti ya kanisa na tatu katika ile michache iliyo nyuma ya nyumba yetu, ambayo mke wetu alikuwa ameiwekea karo ya mtoto. Hilo nalo lilihitaji mazungumzo marefu jikoni, nasi hatutawasimulia.

Karani aliposikia alitahayari kuliko sisi. Alizipokea zile sita bila malipo, na tangu siku hiyo hupima kila rundo letu, nasi twasimama kando yake akipima.

Jumapili tukaliungama jambo hili mbele ya kanisa. Tulidhani kazi imekwisha. Lakini yuko mama mmoja mzee, sote twamwita Kogo, mwenye shamba lake la chai bondeni chini ya miti ya kanisa. Baada ya ibada akatushika mkono mlangoni, wala asiuachie.

“Mchungaji, umerudisha kuni. Vyema. Na maji yangu?”

“Maji gani, Kogo?”

“Ya chemchemi. Tangu miti yenu irefuke, nachota kwa kikombe mahali nilipokuwa nikizamisha mtungi.”

Tulishuka naye tukaona. Mistari miwili ya mwisho ya mikaratusi ilikuwa imepandwa hadi ukingoni mwa chemchemi. Si kwamba hatukuwa tumeonywa. Mwaka 2009 marehemu John Michuki, aliyekuwa Waziri wa Mazingira, aliagiza mikaratusi iondolewe kandokando ya mito na chemchemi, na watu wengi walinung'unika. Sheria hiyo hiyo ya nchi inayotutaka tupande miti haitutaki tuipande popote. Mkaratusi ni mti mwema juu ya mlima wenye mawe. Penye chemchemi ni mgeni asiyejua kuondoka mezani. Tulisoma habari za jiwe dogo na jiwe kubwa mfukoni, lakini hatukufikiri kwamba mizizi nayo yaweza kuwa kipimo cha pili, kikichota chini ya ardhi kisicho chetu.

Tukaikata mistari ile kabla ya wakati wake. Hapo tukakumbuka maneno ya Ayubu katika mlango wa 14, asemapo kwamba mti uliokatwa una tumaini la kuchipuka tena kwa harufu ya maji. Juu mlimani tumaini hilo ndilo faida yetu: twakata kisiki kifupi, kwa mshazari ili mvua isikae juu yake, na vikitoka vichipukizi kumi twaacha viwili au vitatu vyenye nguvu, navyo huwa miti tena pasipo kununua mche. Lakini kule kwa Kogo visiki vinachipuka vile vile, na harufu ya maji iko karibu mno. Kila baada ya majuma machache twashuka na panga kuvikata vichipukizi. Katikati tumepanda ile miti ya wazee, lamaiyat na mianzi.

Mabati ya upande wa madhabahu bado hatujayanunua. Mvua ikinyesha twaisogeza meza. Jumatatu iliyopita tulishuka tena na panga letu, tukamkuta Kogo amekwisha kutangulia, ameinama juu ya kisiki. Alikuwa na mtungi. Haukuwa umezama, lakini maji yalifika shingoni.