Doa la kiti cha boti na mshahara wa baharia



Wahenga walisema usione vyaelea, vimeundwa. Mimi juma hili naongeza: na vilivyoundwa vina haja ya kutunzwa. Nataka tuzungumze juu ya viti vya boti. Najua wapo watakaocheka na kuniuliza kama habari za kuzungumza zimekwisha. Hazijakwisha. Lakini vijana wengi wa pwani hii wanakula kwa boti zinazochukua wageni kwenda Mbudya na Bongoyo, Changuu na Mnemba, na kwenye boti hizo kitu cha kwanza ambacho mgeni hukitazama kabla ya kukalia ni kiti. Kiti kikiwa na madoa, mgeni huona chombo kizima ni kichafu, hata kama injini yake ni mpya.

Viti hivyo havivikwi ngozi ya ng'ombe. Ni kitambaa kilichopakwa plastiki iitwayo vinili, ambacho mafundi wa makochi hukiita leza. Kwa asili yake plastiki hiyo ni ngumu. Mwaka 1926 Mmarekani mmoja, Waldo Semon, aligundua namna ya kuilainisha kwa kuitia kemikali za majimaji. Kemikali hizo hukaa ndani ya vinili, na ndizo zinazoifanya ikunjike bila kukatika. Zikitoka, kiti hukauka, huwa kigumu kama gamba la nazi, kisha hupasuka. Msikilizaji, likumbuke jambo hilo, kwa sababu yote nitakayosema yanalitegemea.

Nilipita katika bandari moja ndogo baada ya masika, nikawakuta mabaharia wawili wakisugua viti kwa petroli. Mwenye boti alikuwa amewakata fedha za juma zima kwa sababu viti vyake vyeupe vilitoka madoa ya rangi ya waridi. Aliwaambia ni uvivu. Vijana walikwisha kujaribu sabuni, wakajaribu jiki, wakajaribu stilwaya, na doa halikusogea. Ndipo wakaingia kwenye petroli, huku mmoja wao akiwa na sigara mdomoni.

Sasa, doa lile la waridi halikutoka kwa mgeni wala kwa baharia. Lilitoka ndani ya kiti. Maji ya mvua na ya bahari hupenya kwenye mshono, yakanyweshwa sponji, yakakaa juu ya ubao. Humo gizani huota vijidudu ambavyo hutoa rangi. Rangi hiyo huyeyuka katika zile kemikali za kulainisha nilizozitaja, ikapanda nazo kutoka upande wa chini wa vinili mpaka juu. Ni sawa na mchuzi uliolowa ndani ya mkate: utafuta juu mpaka uchoke. Hakuna sabuni ya kuliondoa doa la namna hiyo. Dawa yake ni kumwita fundi, kufungua kiti, kutupa sponji iliyooza, kutoboa matundu ya kutolea maji kwenye ubao, na kuvika vinili mpya, ikiwezekana ile iliyotiwa dawa ya kuzuia ukungu. Na ushonaji uwe wa uzi wa polista, kwa maana uzi wa pamba huoza mapema.

Kwa hiyo kabla ya kumkata mtu mshahara, tajiri ajiulize swali moja: doa liko juu au limetoka ndani? Njia ya kupambanua ni rahisi. Lipake povu la sabuni, sugua kidogo, suuza. Likipungua, liko juu. Lisipopungua hata chembe, na kingo zake zimefifia kama wingu, mwite fundi wa makochi.

Madoa ya juu yana tiba, na tiba nyingi zipo jikoni. Kwanza suuza kiti kwa maji baridi, kwani chumvi iliyokauka ina ncha, na ukianza kusugua kabla ya kuisuuza unakikwaruza kiti. Kisha tumia maji ya uvuguvugu, sabuni laini ya kuoshea vyombo na brashi laini. Suuza, kausha kwa kitambaa. Madoa mengi yataishia hapo. Damu ya samaki haitaki maji ya moto, kwani huiganda. Itie maji baridi mapema. Kinyesi cha ndege kilowanishe kwanza kwa kitambaa chenye maji mpaka kilainike, ndipo ukiondoe. Doa sugu la uchafu lipake baikaboneti ya soda, ile ya kuumulia keki, iliyokorogwa na maji kidogo ikawa kama uji mzito. Sugua taratibu kwa kitambaa. Ukungu mweusi ulio juu ufute kwa siki nyeupe iliyochanganywa na maji, uache dakika chache, sugua, suuza. Wino wa kalamu ufute kwa spiriti iliyotiwa maji, kwenye doa lenyewe tu, na usuuze hapo hapo. Dawa yoyote ijaribiwe kwanza mahali pasipoonekana, chini ya kiti.

Mambo ya kukataa ni haya. Petroli, thina na asetoni ya kufutia rangi ya kucha: hizi hung'arisha leo, lakini huyeyusha vinili na kutoa ulaini wake, na baada ya muda kiti hupasuka. Tena mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa. Hushuka chini ya boti, ukajikusanya penye betri na nyaya, ukangoja cheche. Stilwaya nayo hukwangua ngozi ya juu, na uchafu unaofuata hupata pa kujishika.

Jiki, msikilizaji, nataka niisemee peke yake. Ikitumiwa kila siku hulegeza uzi na kuichakaza vinili. Lakini hatari yake kubwa ni ndoo ya mchanganyiko. Wapo wanaodhani dawa mbili ni bora kuliko moja, wakamimina jiki na siki, au jiki na ndimu, au jiki na dawa ya choo yenye asidi. Mchanganyiko huo hutoa gesi ya klorini. Gesi hiyo ndiyo iliyotumiwa na jeshi la Ujerumani vitani huko Ypres, Ubelgiji, mwezi Aprili 1915, ikaua askari kwa kuunguza mapafu yao. Kijana aliyeinama ndani ya chumba kidogo cha boti hana pa kuikimbilia. Jiki na dawa yenye amonia ni hivyo hivyo: hutoa gesi ya sumu. Dawa moja kwa wakati mmoja, na suuza kwa maji mengi kabla ya kushika nyingine. Na maji ya dawa yasimwagwe juu ya matumbawe, kwani hayo ndiyo mgeni aliyoyafuata.

Kuzuia ni rahisi kuliko kuondoa. Wageni hujipaka mafuta ya kujikinga na jua na dawa ya kufukuza mbu. Dawa za mbu zenye kemikali iitwayo DEET hula plastiki, na mafuta ya jua huacha rangi ya njano. Tandika taulo juu ya kiti, na jioni futa kwa sabuni. Boti ikirudi, isuuzwe kwa maji yasiyo ya chumvi, mito isimamishwe ipate hewa, na turubai lifunikwe baada ya viti kukauka, si kabla. Turubai juu ya kiti kibichi ni kitalu cha ukungu.

Sasa nasema na wenye vyombo. Mkinunua boti mnanunua injini, jaketi za kuokolea na redio. Nunueni pia pipa la maji baridi, brashi laini, glavu na sabuni, na mpeni baharia saa moja ya kazi hiyo, ilipwe kama saa nyingine yoyote. Baharia asiyepewa maji hawezi kuosha chumvi kwa maji ya chumvi. Na asiyefundishwa atashika dawa kali kuliko zote iliyo karibu, kwa sababu anaogopa kufukuzwa. Tajiri akimkata mshahara wake kwa doa lililotoka ndani ya sponji, amekata fedha za unga na ada ya mtoto, na doa limebaki pale pale.

Nanyi mabaharia, msione haya kumwambia tajiri kwamba kiti kimeoza. Mfungulieni zipu, mwonyesheni maji yanavyotiririka kwenye sponji. Ushahidi huo una nguvu kuliko maneno.