Upepo, Mwanga na Rangi Nyumbani Mwetu

(Mazungumzo na vikundi vya kujisaidia, yaliyoandikwa ili na wale ambao hawakufika wayasome)

Leo hatukuja na habari za mbegu wala mbuzi wa maziwa. Tunataka tuingie ndani ya nyumba zetu, tuangalie jinsi tunavyozipanga na kuzipaka rangi, na jinsi zinavyotusaidia au kutuumiza.

Jambo hili limetokana na pesa za mzunguko. Katika vikundi tunavyovitembelea, mama akipata zamu yake, mara nyingi kitu cha kwanza anachonunua ni cha sebuleni: makochi, kabati ya vyombo au kapeti. Si vibaya. Nyumba nzuri ni heshima kwa wenyewe na kwa wageni. Lakini tukizunguka nyuma tunakuta jiko halina dirisha, kuta ni nyeusi kwa masizi, na mtoto anakohoa mgongoni mwa mama yake. Hapo ndipo tunapouliza: pesa zile zingeanzia wapi?

Tena siku hizi kuna maneno ya feng shui, ambayo vijana wanayaona kwenye simu. Wako wanaosema ati ukipaka mlango rangi nyekundu, au ukitundika kitu fulani ukutani, pesa zitaingia zenyewe. Basi tuieleze kidogo, ili mtu asije akauziwa maneno matupu.

Feng shui ni elimu ya kale ya China. Neno la kwanza maana yake ni upepo, na la pili ni maji. Wachina walisema nyumba njema ina kilima nyuma yake, inatazama kusini, na maji yako mbele. Ukifikiri vizuri utaona kwamba kuna akili ndani yake. Kule kaskazini mwa China upepo wa baridi kali hutoka kaskazini, na jua hupita upande wa kusini. Kilima kinazuia baridi, na mlango unapokea jua. Mkulima yeyote mwerevu angejenga vivyo hivyo.

Lakini sisi tuko kwenye ikweta. Mstari wake unapita karibu na Nanyuki na karibu na Maseno. Kwetu, mwezi wa Juni jua huwa upande wa kaskazini, na Desemba huwa upande wa kusini. Kwa hiyo sheria ya kutazama kusini haitufai. Kinachotufaa ni kujua kwamba jua la jioni huchoma ukuta wa magharibi. Ukijenga mahali penye joto, zile kuta ndefu zitazame kaskazini na kusini, na zile fupi zitazame mashariki na magharibi. Nyumba itakuwa baridi bila gharama yoyote.

Wazee wetu pia walikuwa na elimu yao ya nyumba. Lamu, nyumba za mawe zilijengwa na kiwanda cha ndani kilicho wazi juu, ili hewa na mwanga viingie, na kuta zikapakwa lipu nyeupe ya chokaa. Katika boma la Kijaluo, nyumba ya mke wa kwanza hutazama lango, na vijana wa kiume hujenga karibu na lango. Kwa hiyo kupanga nyumba si jambo geni kwetu. Sasa tuje kwenye mambo matatu.

Kwanza ni hewa. Hili ndilo kubwa kuliko yote. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2020 moshi wa kupikia ndani ya nyumba ulisababisha vifo vya watu milioni 3.2 duniani, na kati yao watoto wa chini ya miaka mitano walikuwa zaidi ya 237,000. Moshi huleta homa ya mapafu kwa watoto, na kwa watu wazima magonjwa ya moyo na ya kifua. Anayepika ndiye anayeuvuta, pamoja na mtoto aliyembeba. Kwa hiyo toboeni dirisha jikoni, na upande wa pili acheni nafasi juu ya ukuta, chini ya mabati, moshi utokee. Kausheni kuni kabla ya kuzitumia, kwa kuwa kuni mbichi hutoa moshi mwingi. Jiko la kuni lililoboreshwa hula kuni kidogo kuliko mafiga matatu, na likiwa na bomba zuri la kutoa moshi nje ni bora zaidi.

Hapa tunasema kwa nguvu: msilale na jiko la makaa ndani ya chumba kilichofungwa. Wakati wa baridi ya Julai watu huliingiza ili wapate joto. Makaa yanayowaka hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu wala rangi, na mtu hufa usingizini bila kujua. Afadhali blanketi la pili.

Pili ni mwanga na rangi. Ukuta mweupe hurudisha mwanga mwingi, ule mweusi huumeza. Chumba chenye dirisha dogo kikipakwa rangi nyeupe au ya maziwa, mtoto anaweza kusoma humo mchana bila taa, na mzee anaona pa kukanyaga. Rangi nzito kama nyekundu na bluu iliyoiva zifae mlango, fremu au sehemu ya chini ya ukuta inayochafuka haraka. Mwaka 1859 Florence Nightingale, yule mwuguzi wa Uingereza, aliandika kwamba mwanga, vitu vizuri na rangi za kupendeza humsaidia mgonjwa kupona. Na mwaka 1984 mtafiti Roger Ulrich alieleza habari za wagonjwa wa hospitali moja ya Pennsylvania, Marekani, waliofanyiwa upasuaji wa mfuko wa nyongo. Wale 23 ambao dirisha lao lilitazama miti walitoka mapema kidogo, na waliomba dawa kali za maumivu mara chache, kuliko wenzao 23 waliotazama ukuta wa matofali. Kwa hiyo mti mbele ya dirisha si urembo tu.

Asiye na pesa za rangi anunue chokaa. Ikorogeni na maji mpaka iwe kama maziwa, muiache ilale usiku mmoja. Lowesheni ukuta kidogo, kisha pakeni mara mbili au tatu, kila mara nyembamba. Angalieni macho, maana chokaa huunguza, na watoto wakae mbali. Na anayekwangua rangi ya zamani asiikwangue kavu, kwa kuwa nyingine zina risasi, na vumbi lake hudhuru ubongo wa mtoto.

Tatu ni mpangilio. Wafuasi wa feng shui husema kitanda kiwekwe mahali ambapo mtu akilala anauona mlango, lakini miguu isielekee mlango moja kwa moja. Bahati hatuioni hapo, ila mtu hulala kwa amani akijua nani anaingia. Sisi tunaongeza haya: kitanda kisigusane na ukuta wenye unyevu, godoro lianikwe juani, na neti ifunike kitanda chote. Njia kutoka kitandani hadi mlangoni iwe wazi, ili mzee asijikwae usiku. Mafuta ya taa yasiwekwe kwenye chupa ya soda, mtoto ataona ni kinywaji.

Mwaka 2015, katika barua yake Laudato Si', Papa Fransisko alisifu watu wanaotunza ndani ya nyumba zao hata kama nje pamechakaa. Tumewaona wengi wa namna hiyo katika vijiji vyetu. Umaskini haukuwanyima nyumba safi yenye vitambaa vilivyofumwa kwa mkono na ua ndani ya mkebe.

Basi shauri letu ni hili. Kabla ya zamu ijayo, kikundi kikubaliane kwamba kila mwenye zamu atenge sehemu kwa hewa na mwanga kwanza, makochi yafuate. Siku moja kwa mwezi mkusanyike nyumbani kwa mwenzenu mmoja, mtoboe dirisha na kupaka chokaa pamoja. Anzeni na wajane, wazee na wale wenye watoto wachanga. Kidole kimoja hakivunji chawa.

Maswali ya kujadiliana:
1. Ni majiko mangapi katika kikundi chetu yasiyo na dirisha?
2. Nani kati yetu hulala na jiko la makaa wakati wa baridi, na tutamsaidiaje?
3. Baba wa nyumba wanasemaje juu ya kutumia pesa jikoni? Wako hapa, basi na waseme.
4. Tutaanza na nyumba ya nani, na lini?

Andikeni majibu kwenye daftari la kikundi. Tukirudi tutaomba mtuonyeshe hilo dirisha la kwanza.